Boila Iliyozima Kabla ya Shuka la Tatu

Sikupelekwa shule. Baba yangu aliletwa Kilosa kukata mkonge, na katika kambi tuliyolelewa mtoto wa kike alifundishwa kuteka maji, kupika na kunyamaza mbele ya wakubwa. Haya yote nayasema kwa mdomo na mjukuu wangu anayaandika. Nimemwagiza aandike ninachosema, si kile anachoona kingependeza.

Maisha yangu ya kazi niliyatumia Mikumi, katika hoteli ya wageni wanaokuja kutazama wanyama. Nilianza kama mfuaji wa mashuka, nikaishia kuwa mkuu wa chumba cha kufulia, nikisimamia wanawake saba. Sikuwa mpole. Shuka lililokunjwa upogo nililikunjua mbele ya aliyelikunja, nikamrudishia bila neno. Nilipostaafu nilirudi nyumbani kwangu Mabwerebwere, nikapanda mchicha, nikadhani habari za maji ya moto zimekwisha kwangu.

Mwaka jana binti yangu alijifungua mtoto wa kike. Ndiye binti yangu wa pekee kati ya wavulana wanne. Mumewe alikuwa ameajiriwa kwa majaribio katika hoteli ileile, kama fundi, na walipewa nyumba ya wafanyakazi nyuma ya jiko. Nikapanda basi la asubuhi linalopita kijiji cha Ulaya, nikiwa na unga wa uji, kanga mbili mpya na kuku aliyefungwa miguu, nikaenda kumlea mzazi.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana vijana wa siku hizi hulicheka. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai chumba kimoja. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawasemeshani, hawatazamani usoni. Si chuki. Ni heshima, na mimi nimeishika tangu siku ya mahari hata leo. Mkwe wangu naye anaishika barabara. Siku niliyofika alikwisha kuhamishia godoro lake kwenye stoo ya vifaa, na tulipokaribia kukutana uani aligeukia ukuta kama anayesoma tangazo, nami nikajifunika kanga nikapita.

Siku ya pili, nikiwa namkanda binti yangu kwa maji ya moto niliyochemsha kwa mkaa, nikaona machozi yanamtoka.

“Nimekuumiza?”

“Hapana, mama. Jumamosi mwenye hoteli anakuja. Tutafukuzwa.”

“Mmefanya kosa gani?”

“Boila.”

Akanieleza. Ile boila ya kuni niliyoijua ilikuwa imeng’olewa, ikawekwa mpya inayotumia dizeli, inayowaka na kuzima yenyewe. Tangu ilipofungwa haikutulia. Ilikuwa ikiwaka muda mfupi inazima, ikikaa kidogo inawaka tena, mchana kutwa, na huku wageni wakioga maji ya uvuguvugu na kulalamika. Mumewe alikwisha kubadilisha thamostati, yaani kile kifaa kinachopima joto na kuuamuru moto. Alikwisha kusafisha kichomeo. Alikwisha kuchuja dizeli. Waliouza boila walipopigiwa simu walisema kwamba ni kubwa mno kwa hoteli ile, inunuliwe ndogo. Mwenye hoteli akajibu kwamba hanunui mara mbili; ama fundi aitulize kabla ya Jumamosi, ama aondoke, na nyumba aiache.

“Mkiondoka mtakwenda wapi?”

“Dar es Salaam, kwa kaka yake.”

Nikamtazama mtoto aliyelala kitandani, ana siku sita tu duniani, amekunja ngumi kana kwamba ana ugomvi na mtu. Nilimaliza kumkanda mama yake, nikavaa kanga yangu ya nje, nikaenda chumba cha kufulia.

Aliyenirithi ukuu wa chumba kile ni mwanamke niliyefanya naye kazi miaka mingi, na kabila lake na langu ni watani. Hajawahi kunisalimu kama watu wanavyosalimiana.

“Hee! Maiti ya Mabwerebwere imefufuka!” alipiga kelele aliponiona mlangoni. “Jamani, ficheni mashuka, mkaguzi kaja.”

“Nimekuja kuona kama umekwisha kujifunza kukunja.”

“Nimejifunza. Nilisubiri tu uondoke.”

Nikakaa kwenye stuli nikaanza kukunja naye. Chumba kile na chumba cha boila vimetenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Moto uliwaka kwa kishindo, vuu! Nikakunja shuka la kwanza, nikakunja la pili, na nilipolishika la tatu, ukazima. Kimya. Nikamaliza lile la tatu, na mara vuu! ukawaka tena. Mashuka mawili unawaka, moja umezima. Nilikunja mashuka thelathini kwa mtindo huo, na hesabu haikubadilika hata mara moja.

Mimi sijui kusoma kipimo cha joto, lakini moto naujua. Moto unaokufa kwa kukosa pumzi hukohoa na kutoa moshi. Huu haukukohoa. Ulizima safi, kama mtu aliyeshiba. Nikajiuliza: umeshiba nini, ikiwa wageni wanaoga maji ya uvuguvugu? Yumkini boila ilikuwa inachemsha tonge lake dogo tu la maji, kama mpishi anayeonja mchuzi wa juu akasema chungu kizima kimeiva.

“Nataka kushika mabomba,” nikamwambia mtani wangu.

“Mkweo yumo humo tangu alfajiri.”

“Basi kamtoe.”

Akaenda mlangoni pa chumba cha boila, akasema kwa sauti ambayo hata wageni waliisikia: “Baba, toka upesi, mama mkwe wako anaingia, na usipotoka atapofuka macho!”

Mkwe wangu alitoka kwa mlango wa nyuma mbio, spana mkononi, nami nikaingia kwa mlango wa mbele.

Boila mpya ilikuwa nzuri, nyekundu, ndogo kwa umbo kuliko ile ya zamani, imefutwa vumbi kama gari la harusi. Nilipenda jinsi fundi alivyopanga vifaa vyake juu ya gunia, kila spana kwa kimo chake. Nikashika bomba linalotoka juu kwenda kwenye tangi. Sikuweza kuhesabu mpaka tatu, liliunguza. Nikashika bomba la chini linalorudisha maji kutoka kwenye tangi. Lilikuwa baridi kama mtungi. Nikaweka kiganja kwenye pampu, nikasikia inatetemeka, inafanya kazi. Nikaenda kwenye tangi, likawa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa.

Basi maji yalikuwa hayatembei. Boila ilichemsha yale iliyokuwa nayo tumboni, thamostati ikasema yametosha, moto ukazima; yalipopoa kidogo, ukawaka tena. Boila haikuwa na ugonjwa wowote. Kuna mahali kati yake na tangi palipozibwa.

Na hapo, mkono wangu ukiwa bado juu ya tangi, nilikumbuka ni nani aliyepaziba.

Zamani, wakati wa kuni, mchochea moto wetu alikuwa mtu wa sifa. Alijaza magogo mpaka mvuke ukatoka juu ya paa, na maji yaliyotufikia kwenye karo yalimenya ngozi. Mmoja wa wanawake wangu aliungua mikono yote miwili. Nililalamika kwa mwenye hoteli wa wakati ule, hakusikia. Kwenye ukuta wa chumba chetu bomba linapita kabla ya kufika kwenye tangi, na juu yake kulikuwa na valvu yenye gurudumu dogo la chuma. Niliifunga mpaka ikabaki uzi tu wa maji. Mchochea moto akaja akaifungua. Nikaifunga, akaifungua. Mwisho nikaifunga, nikafungua nati iliyolishika, nikalitoa gurudumu, nikalitupa katika shimo la choo cha zamani. Kisha tukasogeza kabati kubwa la mashuka likasimama mbele ya valvu ile, na halikutoka hapo tena. Moto wa kuni haukujali. Maji yaliyozidi yalitoka kwa mvuke darini. Mikono yetu ikapona. Nikasahau.

Nilirudi chumba cha kufulia, nikamwonyesha mtani wangu kabati kwa kidole. Alitazama kabati, akanitazama mimi, kisha akakaa chini juu ya kapu la taulo chafu, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

“Wewe! Uliyetunyima usingizi kwa shuka upogo! Kumbe mwizi wa maji ya moto ni wewe!”

“Na aliyesukuma kabati upande wa kushoto ni nani?”

“Mimi nilikuwa natumwa tu. Mkubwa ulikuwa wewe.”

Alisema kweli. Nakiri kwamba wazo la kwanza lililonijia halikuwa la heshima. Nilitaka kumwambia mtani amweleze fundi atazame nyuma ya kabati, aone valvu, aifungue, na asijue asili yake. Lakini valvu iliyokaa miaka yote hiyo bila kuguswa hukatika shingo ikilazimishwa, na ikikatika hoteli nzima ingekosa maji siku mbili kabla ya mwenyewe kufika. Aliyejua ilifungwa vipi ni mimi peke yangu. Ilinibidi niseme.

Siku iliyofuata, Alhamisi, baada ya chai, kabati lilisogezwa. Chumba kile kina mlango mmoja, na fundi hakuweza kuingia nami nikiwa ndani. Kwa hiyo nilitoka, nikasimama uani chini ya dirisha, mahali pa kuanikia. Mashuka ya wageni yalikuwa kwenye kamba, safu nzima, meupe, yamekwisha kukauka kwa jua na upepo. Nikasimama nyuma yake. Mkwe wangu akaingia ndani, na mtani wangu akakaa dirishani kupeleka maneno.

“Mwambie iligeuziwa kulia, mizunguko yote, ikabakizwa nusu,” nikasema.

“Baba, mama mkwe wako anasema anadai mbuzi wawili.”

“Sikusema hivyo!”

“Anasema wawe na mafuta.”

Nikasikia mkwe wangu anacheka ndani. Sikuwahi kusikia kicheko chake kabla ya siku ile. Ni kicheko kizuri, cha mtu asiye na hila. Mara mtu wa mapokezi akamwita mtani wangu: kuna mgeni anataka mto mwingine. Akaondoka.

Nilisubiri. Hakurudi. Ndani nikasikia chuma kinalia kwa spana, sauti ile mbaya ya chuma kinachokaribia kukatika. Sikuweza kunyamaza, na kumsemesha sikuweza pia. Nikalishika shuka lililokuwa mbele yangu.

“Wewe shuka,” nikasema kwa sauti, “sikiliza. Valvu ya namna hiyo hailazimishwi. Ipeleke mbele kidogo, irudishe nyuma kidogo. Imwagie dizeli shingoni, uiache inywe, kisha uanze tena.”

Spana ikanyamaza. Kisha sauti ya kijana, ya adabu, ikatoka dirishani:

“Shuka, shikamoo.”

“Marahaba.”

“Shuka, nimekwisha kuimwagia dizeli. Naomba kuuliza. Nani aliifunga?”

Nikajibu: “Mama aliyefua hapa zamani. Maji yalikuwa yanaunguza mikono ya wanawake wake.”

Nikasikia anaweka spana sakafuni. Nilijua kwamba amejua. Kisha akasema: “Shuka, basi nikiifungua yote, mikono ya wanawake wa leo itakuwaje?”

Nasema kweli, katika miaka yangu yote hotelini hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza swali lile. Ilinibidi nijifute uso kwa ncha ya shuka la mgeni, jambo ambalo ningemfukuzia mtu kazi.

“Hilo ni la fundi kufikiri,” nikajibu.

“Nitaleta bomba la maji baridi mpaka kwenye karo, yachanganyike kabla hayajafika mikononi. Vifaa ninavyo.”

“Shuka limesikia.”

Akaendelea, mbele kidogo, nyuma kidogo. Valvu ililia, ikagoma, ikalia tena, na kisha ikaachia. Nilisikia maji yakipita ndani ya ukuta kama watu wanaotoka mkutanoni, na pampu ikabadilisha sauti, ikashuka, ikawa nzito. Moto ukawaka, vuu!

Nikaanza kuhesabu kwa njia yangu. Nikatoa shuka la kwanza kwenye kamba, nikalikunja. La pili. Nikalishika la tatu. Moto uliwaka. Nikakunja la nne, la tano, la sita. Nilipofika la kumi nilianza kuimba chinichini, mimi niliyekataza kuimba kazini. La kumi na moja. La kumi na mbili. Nikanyoosha mkono kuchukua jingine, na hapo nikatambua kosa langu: kwa kila shuka nililokunja nilikuwa nikijivua ukuta wangu mwenyewe. Kwenye kamba lilibaki moja tu, na nyuma yake dirisha, na dirishani mkwe wangu.

“Inawaka?” nikauliza, nimelikumbatia shuka lile la mwisho mbele ya uso.

“Inawaka bado, shuka.”

“Basi geuka ukutani, niondoke.”

“Nimekwisha kugeuka.”

Mtani wangu alirudi wakati huohuo, akaniona navuka uani kinyumenyume na shuka usoni. Mpaka leo anawasimulia watu kwamba nilikuwa nacheza mwali.

Jumamosi mwenye hoteli alifika kabla ya saa nne. Si yule wa zamani. Huyu ni mtu wa makamo, mwenye haraka na simu mbili. Aliweka mkono chini ya bomba la chumba cha wageni, akautoa upesi. Akaenda kwenye boila, akasimama huku anatazama saa yake. Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha kufulia na binti yangu aliyembeba mtoto, mlango ukiwa wazi, nikasikia kila neno.

“Naona imetulia. Tatizo lilikuwa nini, fundi?”

“Kulikuwa na valvu nyuma ya kabati, mzee. Ilijifunga kwa uzee tu.”

Binti yangu akanitazama. Alijua kwamba mumewe ananisitiri, na alijua pia kwamba mimi sitaweza kuvumilia. Valvu haijifungi. Na mtu akiambiwa kwamba valvu hujifunga, kesho ataibadilisha yenye afya na kuiacha mbovu. Nikajitanda kanga, nikatoka mpaka kizingitini, nikaelekeza uso wangu kwenye ukuta kwa sababu mkwe wangu alikuwa amesimama pale.

“Haikujifunga. Niliifunga mimi.”

“Bibi, shikamoo,” alisema mwenye hoteli, akitafuta ninayezungumza naye.

“Marahaba. Niliifunga mimi, nikatupa gurudumu lake chooni, nikaificha. Maji yalikuwa yanatuunguza, na aliyekuwa na hoteli kabla yako hakusikia. Kama kuna wa kulaumiwa, ni mimi. Fundi hana kosa lolote, ila hilo la kusema uongo kwa ajili yangu, na hilo nitamkemea kwa njia inayofaa.”

Nyuma yangu mtani alikuwa ameuma taulo ili asicheke. Mwenye hoteli aliingia chumba cha kufulia, akaitazama valvu, akalitazama bomba jipya la maji baridi lililofika kwenye karo zote.

“Hili nani aliagiza?”

“Hakuna,” mtani wangu akajibu. “Fundi kaona mwenyewe.”

Akafungua bomba, akaosha mikono yake palepale, polepole, kama mtu aliyesahau haraka yake. Kisha akakausha mikono kwa leso, akatoka. Gari lake likaondoka. Binti yangu aliketi kwenye stuli, akamkumbatia mtoto.

Saa nane mchana mtu wa mapokezi akaleta barua nyumbani kwao. Fundi hakuifungua, aliipitisha dirishani kwa mkewe, akasimama nje, mgongo ukiwa ukutani, kwa sababu mimi nilikuwa ndani namwogesha mtoto kwa maji ya moto ya bomba. Binti yangu akasoma kwa sauti. Majaribio yamekwisha. Ameajiriwa. Boila, pampu na mabomba yote yako chini yake.

“Na nyumba?” nikauliza.

“Ngoja nifike, mama. ‘Utaendelea kuishi na familia yako katika nyumba ya wafanyakazi uliyopewa.’”

Mimi sisomi, kwa hiyo barua nzuri naipata kwa masikio tu, na masikio huridhika polepole. Nje ya dirisha nilisikia kile kicheko tena. Nikamfunga mtoto taulo, nikamwambia mama yake arudie, na aanzie pale penye nyumba.